Sistimu iko dauni, imepwelewa au imekwenda arijojo? Uchague neno lipi kwa kuharibika kupi

Mombasa ya leo, kitu kikiharibika huelezwa kwa maneno mawili matatu ya Kiingereza, na watu wakaridhika. Sistimu iko dauni. Ratiba imekuwa "haywire". Kampuni imekwenda "belly up". Anayeandika tangazo la ofisi, anayesoma habari redioni na anayetuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, wote huchota kisima hicho kimoja. Kazi yangu ni kuhariri Kiswahili, na swali hili haliishi mezani: niliache la Kiingereza lilivyo, nilitohoe kwa matamshi yetu, au nitie la kwetu? Nikitia la kwetu, lipi? Tunayo mengi, na kila moja lina mahali pake.

Mimi napima hivi. Mtu anayepewa habari ya kuharibika anataka kujua la kufanya: angoje, atafute fundi, au akate tamaa ashike njia nyingine. Neno lisilomsaidia hapo halifai, liwe la Kiingereza au la Kiswahili. Kwa mizani hiyo nimeyaweka maneno yenyewe ubavu kwa ubavu.

"Sistimu iko dauni" na "mfumo umezidiwa"

Ukitaka kuuona udhaifu wa "sistimu iko dauni", simama kwenye foleni ya ofisi ya umma siku karatasi hiyo inapobandikwa dirishani. Nilimsikia bibi mmoja wa buibui akimuuliza kijana aliyekuwa mbele yake, "Mwanangu, hapo pameandikwaje?"

"Sistimu iko dauni, bibi."

"Ndiyo kusema ningoje, ama nirudi zangu Kisauni?"

Kijana akaisoma tena ile karatasi. "Hawakusema, bibi."

Na kweli hawakusema. Maneno yalikuwa makubwa, kwa kalamu nene nyekundu, na hakuna hata mmoja kwenye foleni ile aliyejua kama ni kukaa au kuondoka.

"Dauni" hubeba mambo manne yasiyofanana: stima zimepotea, mtandao umekatika, mtambo wenyewe umeharibika, au mtambo ni mzima ila umezidiwa. Chukua mfano wa eCitizen, jukwaa la mtandaoni la huduma za serikali ya Kenya, mwishoni mwa Julai 2023. Jukwaa lilishambuliwa, yaani maombi bandia yalimiminwa kwa wingi hata ya watu wa kweli yakakosa pa kupita. Huduma nyingi ziliguswa, hata ukataji wa tikiti za treni ya SGR kati ya Mombasa na Nairobi. Kila mtu alisema iko dauni. Serikali ilisema hakuna data iliyopotea, kwa hiyo neno la haki lilikuwa "mfumo umezidiwa" au "umezibwa". Msafiri aliyesikia "umezibwa" angeelewa kwamba tikiti aliyokwisha kuilipia haijafutika, na kwamba ajaribu tena baadaye.

Intaneti nayo inastahili uangalifu huohuo. Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja zamu ya kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga mahali pasipofaa, nanga ikaikata kebo ya TEAMS, ile iliyolazwa chini ya bahari kutoka Fujairah hadi kwetu na kuanza kazi mwaka 2009. Hapo kebo ilikatika, lakini mtandao ulizorota tu, kwa kuwa mawasiliano yalipitishwa kwenye kebo nyingine. Mei 2024 mambo yalijirudia upande wa kusini: kebo za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikahisi uzito. Kebo imekatika, mtandao umezorota. Sentensi fupi, na msomaji ameshajua kwamba ujumbe wa maandishi utapita na video itakwama.

Mafundi wa kompyuta wakiambizana wao kwa wao kwamba sistimu iko dauni, sina neno. Wanajua wataangalia wapi. Bali kwenye tangazo la watu wote, andika kilichotokea na saa ya kurudi.

"Kupwelewa" na "kugonga mwamba"

Haya mawili ndiyo ninayoyapenda kuliko yote, na ndiyo yanayochanganywa kuliko yote.

Chombo kilichopwelewa hakijavunjika. Maji yamekupwa, kimebaki juu ya mchanga au tope, kimeinama upande mmoja. Mabaharia wameshuka, pengine wanakipaka sifa, yaani mafuta ya papa, au kukwangua makombe yaliyoshika ubao. Hakuna anayepiga mayowe. Maji hujaa mara mbili kila siku, yatarudi, nacho kitaelea. Lakini wakati wa kupwelewa ndio wenye mambo. Ukipwelewa siku za kawaida utangoja saa chache. Ukipwelewa wakati maji ya bamvua, yale yanayojaa kuliko yote, yamefika kileleni, maji yatakayofuata hayatafika pale ulipo, wala ya kesho yake, wala ya wiki ya maji mafu, yale yanayojaa kidogo. Utakaa mpaka bamvua lijalo, kiasi cha wiki mbili. Kwa hiyo kupwelewa ni kungoja, nako kungoja kuna kwa muda mfupi na kwa muda mrefu, na nahodha anajua ni kupi.

Kugonga mwamba ni jambo jingine kabisa. Hapo ubao umepasuka. Maji yakijaa ndiyo hatari inazidi, kwa sababu yataingia ndani. Aliyegonga mwamba hangoji. Anarudi nyuma, anaziba, au anatafuta mlango mwingine wa kuingilia.

Sasa tazama vyombo vya habari. Kila kikao kinachoisha bila makubaliano huandikwa kwamba kimegonga mwamba. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100, na katika siku hizo mazungumzo yalisemekana yamegonga mwamba mara kadhaa. Machi 14, 2017 pande zote zilitia saini na madaktari wakarudi kazini. Mwamba gani huo, uligongwa tena na tena na chombo kikafika? Mazungumzo yale yalipwelewa. Yalingoja maji, na maji yalipojaa yakaelea.

Linganisha na mpango wa BBI wa kubadilisha katiba. Mahakama Kuu iliuzuia Mei 2021, Mahakama ya Rufani ikaunga mkono, na Machi 31, 2022 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba njia iliyotumika haikuwa ya kikatiba. Juu ya hapo hakuna mahakama nyingine. Huo ndio mwamba, na aliyeandika siku ile kwamba BBI imegonga mwamba aliandika sawasawa.

Kwa hiyo ukiwa na habari ya mazungumzo, mradi au posa iliyosimama, jiulize kama wakati peke yake unaweza kulirudisha jambo mahali pake. Ikiwa unaweza, limepwelewa, au limekwama ukitaka neno la watu wote. Ikiwa wakati hausaidii kitu, limegonga mwamba.

"Kwenda mrama" na "kwenda arijojo"

Chombo kinachokwenda mrama kinayumba kulia na kushoto mawimbi yakikipiga mbavuni. Abiria wanatapika, shehena inahama, mwenye moyo mdogo anasoma dua zote anazozijua. Lakini usukani uko mkononi mwa mtu. Anaweza kugeuza omo, anaweza kupunguza tanga. Jambo lililokwenda mrama limeharibika nusu, na aliyelishika bado yupo.

Arijojo ni la tiara. Mtoto amelitengeneza kwa karatasi na njiti za ukuti, amelifunga mkia wa kitambaa, amelirusha upepo ukiwa mzuri. Uzi ukikatika, hubaki na kijiti alichouzungushia mkononi na kipande kilicholegea, naye anakimbia huku anatazama juu. Tiara halianguki palepale. Linapanda, linapinduka, linavuka paa za mabati, linanaswa kwenye waya wa stima au linaishia baharini. Kinachouma ni kwamba mtoto analiona muda wote na hana la kulifanya.

Mtu akisema mradi wa maji wa mtaani umekwenda mrama, naelewa kwamba kamati inakutana, fedha zimepungua, mkandarasi anazozana na watu. Akisema umekwenda arijojo, naelewa kwamba mkandarasi hapatikani, hesabu hazijulikani zilipo, na mabomba yanaliwa na kutu kando ya barabara. Wa kwanza uitie mkutano. Wa pili uutafutie wakili. Kiingereza cha magazetini kingeyaita yote mawili kwa jina moja.

Ningependa arijojo litumike zaidi ya linavyotumika sasa. Vijana wengi wa Mvita wanalijua kwa bibi zao tu, na ni hasara, kwa sababu hakuna neno jingine linalosema kwa ufupi hivyo kwamba jambo limemtoka mwenyewe mikononi.

Tahadhari moja kuhusu feri. Ikizima injini katikati ya mkondo wa Likoni, usiandike imekwenda arijojo, ingawa maji yanaichukua kweli. Watu wana jamaa zao mle. Andika: feri imezima injini, inachukuliwa na maji, feri nyingine inakwenda kuivuta. Aliye ng'ambo atajua kama angoje au azungukie barabara ya Dongo Kundu.

Maneno ya gereji

Mafundi wa Changamwe na Jomvu, wanaohudumia malori ya bandari, ndio waliotuzidi wote kwa kupambanua. Lori likisimama, dereva husema limekufa. Fundi hasemi hivyo mpaka aone. Hufungua boneti, akagusa hapa, akanusa pale, kisha akasema, "Bosi, haijafa. Imechemsha. Acha ipoe, tutie maji." Kuchemsha ni dakika kadhaa na mtungi wa maji. Kuzima ni kitu kidogo, labda mafuta au betri. Kunoki ni kelele ya ndani inayomwambia mwenye gari ajiandae kutoa pesa. Injini ikishika, yaani vyuma vya ndani vikigandamana visizunguke, hapo anauliza kwa sauti ya chini kama bosi ana injini nyingine mahali.

Kugoma ni tofauti. Gari limegoma asubuhi, mchana likawaka lenyewe bila sababu. Neno zuri kwa mashine za kuchapisha pia.

Na ujihadhari na brekdauni. Kwetu brekdauni ni lile gari la kuvuta magari mengine. Ukimwambia dereva wa matatu "nina brekdauni hapa Mikindani", atakuelewa kwamba umeshapata wa kukuvuta. Sema gari limeniharibikia.

"Belly up", kufilisika, na kuwekwa chini ya mrasimu

Samaki aliyekufa hugeuka tumbo juu, na Waingereza na Wamarekani wakaichukua picha hiyo kwa biashara iliyokufa. Ni picha ambayo mvuvi wa Mtwapa angeikubali bila kuuliza. Tatizo lake ni kwamba huua kabla ya wakati.

Oktoba 2015 Imperial Bank iliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayekabidhiwa kampuni iliyo taabani. Aprili 2016 ikafuata Chase Bank. Vinywani mwa watu zote mbili zilikuwa zimekwenda "belly up". Lakini Chase ilifungua milango tena mwezi huohuo wa Aprili chini ya usimamizi wa KCB, na mwaka 2018 sehemu kubwa ya amana zake ikahamia benki ya SBM. Imperial iliendelea kudhoofika mpaka Desemba 2021, ilipotangazwa kwamba itafilisiwa. Mwenye duka la leso wa Biashara Street aliyekuwa na pesa benki ya kwanza au ya pili alikuwa na haki ya kupewa neno linalotenganisha hali hizo. Chini ya mrasimu: pesa zako zimefungiwa, subiri. Imefilisika: nenda kajiandikishe miongoni mwa wadai. Hapa sina shaka hata kidogo. Mambo ya pesa za watu yaandikwe kwa neno la kisheria, si kwa picha, hata picha yetu wenyewe. Benki isiambiwe imezama wakati inaelea.

"Haywire", "kaput", "meltdown"

Haya hayahitaji maelezo marefu, ila asili zake zinasaidia kuchagua.

"Haywire" ni waya wa kufungia nyasi kavu. Mwanzoni mwa karne ya 20, kambi duni za wakata magogo wa Marekani zilizofunga kila kilichovunjika kwa waya huo ndizo zilizopewa jina lake. Asili yake basi ni kile tunachokiona kila siku: bampa limefungwa waya, kiti cha tuktuk kimefungwa waya. Maana ya sasa ni mambo kwenda ovyo, nayo tunalo neno kamili, kuparaganyika. Ratiba imeparaganyika. Foleni ya malori imeparaganyika. Silioni pengo ambalo Kiingereza kinakuja kuliziba.

"Kaput" limepitia Kijerumani kutoka Kifaransa, kwenye mchezo wa karata ambamo aliyeshindwa mikono yote huitwa kwa neno hilo. Kwetu ni kwisha kazi. Simu imekwisha kazi.

"Meltdown" lina maana halisi na maana ya kuazimwa. Halisi ni kiini cha kinu cha nyuklia kuyeyuka kwa joto, kama ilivyotokea Three Mile Island mwaka 1979, Chernobyl mwaka 1986 na Fukushima mwaka 2011. Hapo sema kuyeyuka, ndicho kilichotokea. Kwa soko la hisa sema kuporomoka. Kwa mtu aliyeshindwa kujizuia mbele ya watu, sema amepandwa na jazba, au amevunjika moyo, kutegemea alirusha viti au alilia.

Kwa kuharibika kunakozaa kuharibika, nasimama na kusambaratika. Juni 7, 2016 tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru, kwenye Mto Tana. Transfoma ikajizima, mashine nyingine za kituo zikazidiwa na kujizima nazo, zaidi ya megawati 180 zikapotea kwa mpigo, na nchi nzima ikabaki bila stima, Mombasa ikiwemo. Kitu kimoja kiliharibika na vyote vilivyofungamana nacho vikaachana. Mfumo ulisambaratika. Huwezi kusema ulikwenda mrama, kwa kuwa hapakuwa na muda wa kuyumba. Arijojo pia halifai, maana saa chache baadaye ulirudishwa. (Tumbili alipona.)

Kuingia nyongo

Hili ni la watu. Posa, urafiki, ubia wa dukani. Mchinjaji akiipasua nyongo kwa bahati mbaya, uchungu hushika nyama, na kuosha hakusaidii. Jambo lililoingia nyongo linaonekana zima. Watu bado wanasalimiana, "Shikamoo mzee", "Marahaba mwanangu", na mkono unapewa. Lakini ladha imeondoka. Kwenda kombo ni jepesi zaidi: jambo limepinda, mzee wa busara akiitwa ataweza kulinyoosha. Kwa familia mbili zilizokosana juu ya mahari, anza na kombo. Ukianza na nyongo umeshawahukumu, na wakikusikia hawatakutana tena.

Pasipotakiwa picha yoyote

Aprili 29, 1994 feri ya Mtongwe ilizama katika mkondo wa Kilindini na watu 272 wakafa. Miaka yote hii, watu wa Mombasa wanapolitaja jambo hilo husema "ilipozama feri". Hakuna anayesema ilikwenda mrama, wala hakuna anayetafuta la Kiingereza. Hapo ndipo panaponifundisha mpaka wa ulinganisho huu wote. Palipo na roho za watu, kila neno la kupamba ni utovu wa adabu. Ilizama. Lilianguka. Liliungua. Walikufa. Msomaji ana akili na moyo, hana haja ya kusaidiwa kuhuzunika.

Na msomaji akiwa wa bara?

Kupwelewa na arijojo havijulikani sana Nakuru wala Kisumu, na mtu wa Eldoret hajawahi kuona jahazi limeinama juu ya mchanga. Kwa tangazo litakalosomwa nchi nzima ninatumia kukwama mahali pa kupwelewa, na kupotea kabisa au kuwatoka wahusika mikononi mahali pa arijojo. Mrama, mwamba na kusambaratika yameshaenea kila mahali, yaache. Lakini kwa redio ya Mombasa, kwa tangazo la Kibokoni au Majengo, kwa ujumbe wa msikiti au wa chama cha wavuvi, usiogope kuandika kwamba jambo limepwelewa na kutaja siku unayotarajia lielee. Na ile karatasi ya dirishani iandikwe hivi: "Mtandao umekatika tangu saa tatu asubuhi. Mafundi wako kazini. Wenye kuchukua vyeti wangoje, wenye maombi mapya warudi kesho saa mbili."